Nani kasema Waturkana hatujui samaki?

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likifika Lodwar siku mbili baada ya kuchapishwa, na sijawahi kukuandikia. Nilinyamaza kila ukame mlipochapisha mzoga wa ngamia, ambao naapa ni mmoja, mnaubadilishia tarehe tu. Nilinyamaza pia mlipomnukuu mtaalamu aliyesema Ziwa Turkana "limegunduliwa" kuwa na samaki. Lakini ile taarifa ya juma lililopita kuhusu kiwanda cha samaki cha Kalokol imenishinda.

Mwandishi wenu karudia hadithi tuliyochoka nayo: kwamba serikali ya Norway ilitujengea kiwanda cha kugandisha minofu, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi siku chache kikafungwa, na sababu ni kwamba Waturkana ni wafugaji wasiovua wala kula samaki. Kiwanda kilifungwa, hilo sibishi, jengo naliona kila ninapopita. Hiyo sababu ndiyo imeokotwa. Kugandisha samaki kwenye joto la nyuzi 37 kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na Kalokol haikuwa na kimojawapo. Tena kiwanda kilitegemea Ghuba ya Ferguson, ambayo ina kina kifupi na ndimo ngege, yaani tilapia, wanamozaliana. Maji ya ziwa yaliposhuka miaka ile ile ya 1980, ghuba ikakauka, mbuzi wakawa wanapita palipokuwa pakipita mitumbwi. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikakosana, ubalozi ukafungwa, na wafadhili wakaondoka na mafundi wao. Katika hayo yote, mfugaji asiyekula samaki ameingilia wapi?

Mwandishi angeuliza hata mtoto wa shule angeambiwa kuhusu Ngibocheros, Waturkana wa ufuoni, ambao babu zao walivua kwa vikapu kabla Mzungu hajaliita ziwa Rudolf. Ng'ambo kule Loiyangalani, El Molo walitumia vyelezo vya magogo ya mkoma na mikuki. Pale Lothagam, upande wetu wa ziwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vichwa vya chusa vya mfupa pamoja na mifupa ya samaki, vitu vya zaidi ya miaka 6,000. Chama cha ushirika cha wavuvi wa Turkana kilianza miaka ya 1960, kabla kiwanda hakijachorwa hata kwenye karatasi. Na huyu sangara aliyepelekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 mkamwandikia kurasa nzima, huku kwetu ni mwenyeji, hakuletwa na mtu. Kweli, wako Waturkana wasiopenda samaki. Hata Nairobi wako.

Sasa nikueleze kilichonipata mwaka jana. Sisi wachuuzi wa samaki tuliitwa kwenye warsha ya "uchumi wa buluu", yaani uchumi wa majini, katika hoteli moja mjini Lodwar. Mkufunzi, kijana mpole aliyetoka mbali, alitumia asubuhi nzima kutuonyesha kwa picha ukutani namna ya kumtambua samaki ambaye hajaharibika: tazama macho, funua matamvua, nusa. Kando yangu alikaa mzee aliyezeekea mtumbwini. Akanigusa kiwiko akaniuliza kwa Kiturkana kama huyo mtoto amewahi kushika samaki aliye hai. Tukavumilia, kwa sababu nauli ilikuwa italipwa jioni. Ilipofika saa saba tukaletewa chakula, ngege wa kukaanga kwa ugali, wote kimo kimoja kama matofali. Mimi samaki ndiyo kazi yangu, nikajua palepale kwamba huyu hajatoka kwenye fuo zetu za Longech wala Namukuse. Nikaenda jikoni. Msichana wa kupika, hana kosa, akanionyesha katoni: maandishi ya Kichina, barafu bado inadondoka. Kilomita kama 60 kutoka ziwani, Mhariri! Wachuuzi wa samaki wa Ziwa Turkana, tumeitwa kufundishwa samaki, tunalishwa samaki aliyevuka bahari, akashushwa Mombasa, akapandishwa hadi jangwani, na bado amefika akiwa na baridi kuliko soda waliyotupa! Nikamtafuta msimamizi wa hoteli. Hakuniinulia sauti. Alisema, "Mama, huyu anakuja na barafu, risiti na uhakika. Nyinyi mnaleta leo, kesho hampo." Kilichonichoma ni kwamba sikuwa na jibu. Samaki wetu anafika ufuoni alfajiri, na jua likishapanda kidogo tu ameanza kulegea. Barafu hatuna. Basi tunampasua, tunamtia chumvi, tunamwanika, tunamuuza kwa bei ya kutupa kwa mwenye lori la Kitale au Busia, na huko Kongo anakoishia ndiko faida inakobaki. Hiyo ndiyo habari. Ilikuwa mezani, imekaangwa, na waandishi wawili waliokuwapo waliila wakaomba ya pili.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna haya malori. Yanapanda kutoka Kitale yamejaa mahindi ya msaada, yanapigwa picha, yanashusha, kisha mengi yanarudi matupu. Ukimwomba dereva akubebee magunia ya samaki anasema amekatazwa kwa sababu ya harufu. Harufu! Mimi nalipa ushuru wa kaunti ufuoni, nalipa tena kwenye kizuizi kwa mtu ambaye stakabadhi ya kwanza haimhusu, halafu gari la serikali linapita mbele yangu limebeba upepo. Wavuvi wa upande wa Todonyang nao wakiuawa au kupotelea kwenye mpaka wa Ethiopia mnawapa aya mbili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Maji yalipopanda mwaka 2020 yakameza nyumba za ufuoni, mlituma mtu wa helikopta.

Sitaki kiwanda. Mtu yeyote asitujengee kiwanda tena, hata akiwa na nia njema na ramani nzuri. Nataka mashine mbili za barafu zinazotumia jua, moja Kalokol na moja Longech, kwa kuwa jua ndicho kitu pekee ambacho hatujawahi kuletewa na mfadhili. Pamoja nazo nataka fundi mmoja, awe ni mtu anayeishi Lodwar, mwenye spana zake, asiyehitaji kibali cha safari kutoka Nairobi kila mshipi wa mashine ukikatika.

Kwa upande wa gazeti lako napendekeza faini. Kila mwandishi atakayeandika kwamba sisi hatujui samaki aje Kalokol anunue kwangu magunia mawili ya ngege mkavu kwa bei ya Kongo, na atafute mwenyewe lori la kumbebea. Sipokei hundi.

Mchuuzi wa samaki,
Kalokol, Turkana