Mhariri, mstatili nao ni msambamba

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama bado basi mambo. Naandika kuhusu lile zoezi la hesabu la darasa la saba mlilotoa kwenye ukurasa wa elimu, pale kwenye pembenne majibu yenu yanasema mstatili sio msambamba kwa hiyo mtoto aliyeutiki kakosa. Hapana jamani. Msambamba ni pembenne yenye jozi mbili za pande sambamba, basi, hakuna sharti lingine, sasa mstatili una jozi ngapi? Mbili. Mraba je? Mbili. Rombasi, ile yenye pande zote nne sawa, nayo mbili. Kusema mstatili sio msambamba ni kama kusema kuku wa kienyeji sio kuku.

Ni kweli hata Euclid, yule Mgiriki wa hesabu za maumbo, miaka kama 300 kabla ya Kristo huko, alizitenga, mraba kivyake mstatili kivyake, lakini siku hizi hazipangwi hivyo na sababu ipo, ukishathibitisha jambo kwa msambamba huna haja ya kuanza upya kwa mraba na mstatili.

Alafu hii kitu sio ya darasani tu. Mimi navuta tepu kwenye kazi za kupima viwanja na kila siku naona watu wanauziwa, mbele 20 nyuma 20, ubavu huu 30 ule 30, mtu anapiga 20 mara 30 anapata mita za mraba 600 anatoa hela. Sasa hizo pande nne zimekuambia tu kwamba hicho ni msambamba, hazijasema ni mstatili! Kikiwa kimelala upande, kona zake sio pembe mraba, ukapima kutoka mstari wa mbele kwenda wa nyuma kwa pembe mraba ukakuta 28, eneo lako ni 560, mita 40 zimeyeyuka na tepu haijadanganya hata sentimita. Dawa yake mafundi wanaijua, pima kona kwa kona, kwa 20 na 30 zote mbili zije mita 36 na kidogo, kwa hicho kilicholala utapata moja 41 na nusu hivi na ingine haifiki 30.

Kiwanja kikiwa na jozi moja tu ya pande sambamba ni trapeza, jumlisha hizo pande mbili sambamba gawa kwa mbili zidisha na umbali kati yao. Kikikosa kabisa hata jozi moja, usikubali urefu mara upana wa mtu yeyote, kigawe pembetatu mbili upige hesabu kila moja.

Kwa hiyo rekebisheni hilo jibu toleo lijalo, na kwenye trapeza mseme mnatumia maana ipi, "jozi moja tu" au "angalau jozi moja", maana kwa hiyo ya pili msambamba wenyewe unaingia kwenye trapeza na watoto watakosa tena bila kosa lao.

Mvuta tepu, Dodoma