Kwa Waziri wa Fedha: kabla hujapandisha ushuru wa nguo

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Ajira za ushonaji na ankara za bandarini

Kila bajeti ikikaribia, wito ni uleule: pandisha ushuru wa nguo za nje, vijana wapate kazi. Sisi tunaopiga hesabu za karakana na kushughulikia nyaraka za forodha Dar es Salaam tunaomba kwanza uangalie shati moja.

Tuseme bei yake halisi bandarini ni shilingi 10,000. Kulishona hapa kunataka kitambaa, uzi na vifungo vya 6,000 kwa bei ya nje. Inabaki 4,000, na humo ndimo ulimo ujira wa fundi, umeme na pango. Vifaa hivyo vikitozwa asilimia 25, vinafika 7,500. Shati nalo likitozwa 35 na mwagizaji akalipa kwa haki, linamsimamia 13,500. Karakana ikiuza kwa bei hiyo na kutoa 7,500 za vifaa, inabakiwa na 6,000, na inaweza kuajiri.

Lakini mwagizaji akidanganya, ankara ikaandikwa 3,000 badala ya 10,000, ushuru ni 1,050 tu. Shati linatoka getini kwa 11,050. Toa 7,500: zimebaki 3,550, pungufu ya zile 4,000 za pasipokuwa na ushuru wowote! Pandisha ushuru wa shati hadi asilimia 50, ankara ikibaki ya uongo, fundi anarudi palepale kwenye 4,000. VAT hatujaigusa, nayo hupigwa juu ya thamani ileile ya uongo.

Lawama hupewa mitumba, kumbe yenyewe ni ngumu zaidi kuidanganyia. Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki hutozwa asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, ipi iliyo kubwa. Ushuru wa belo la kilo 45 haushuki chini ya dola 18, ankara iseme itakavyo. Na ukiizuia leo, mpiga pasi wa soko la mitumba la Karume anakosa kazi kesho, ilhali kiwanda cha nguo huchukua miaka kusimama.

Basi nguo mpya, zilizo Sura ya 61 na 62 ya kitabu cha ushuru, nazo ziwekewe kima cha chini cha ushuru kwa kilo. Kikiwa shilingi 10,000, shati la gramu 250 halilipi chini ya 2,500, na karakana inabakiwa na 5,000. Tahadhari: jinzi ya gramu 600 italipa 6,000, kwa hiyo nguo nzito zipewe kima chake, la sivyo mnunuzi wa kawaida ataumia na magendo yatashamiri.

Upande wa vifaa, nafuu ya ushuru hupewa mwenye kiwanda anayeagiza mwenyewe, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja. Fundi wa Mbagala haagizi kutoka Guangzhou, China. Ananunua jora na zipu Kariakoo, kwa mfanyabiashara aliyekwisha kulipa ushuru wote. Punguzo liwekwe kwenye bidhaa yenyewe, tukianza na vifungo (namba 96.06 ya kitabu cha ushuru) na zipu (96.07), si kwenye jina la kiwanda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wahasibu wa karakana na mawakala wa forodha, Dar es Salaam