Picha za Hifadhi ya Ardhi: Simama Palepale, Rudi Msimu Uleule

Wateja wetu wengi hapa Dodoma ni vikundi vya wakulima na miradi ya mazingira. Wanatuletea kadi za kamera tuwachagulie picha za ripoti. Tukizifungua tunakuta uzinduzi, mgeni rasmi na mche wake, picha ya pamoja chini ya mti, halafu picha chache za shamba zilizopigwa saa saba mchana. Tuta walilolichimba kwa wiki nzima halionekani kabisa. Mfadhili anapita tu, na watu waliotoka jasho hawapati sifa wanayostahili. Jambo hili linatuuma, maana kulirekebisha hakuhitaji kamera ya bei mbaya.

Kwanza kabisa, mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la mchana linasimama utosini. Mfereji, tuta au korongo huonekana kwa sababu ya kivuli chake, na saa sita kivuli hakipo. Chukulia fanya juu: mfereji unachimbwa kufuata kontua (mstari wa kimo kilekile kwenye mteremko), udongo unarushwa upande wa juu na kuwa tuta. Ukilipiga adhuhuri unapata uwanja mmoja wa kahawia. Lipige jua likiwa chini, utaona mstari mzima unavyozunguka mlima.

Asubuhi au jioni? Inategemea mteremko unatazama wapi. Unaotazama mashariki mara nyingi unatoka vizuri zaidi jioni, kuanzia saa kumi hivi, kwa sababu jua linatokea upande wa juu wa mlima na tuta linaangusha kivuli ndani ya mfereji. Usichelewe lakini, la sivyo mteremko wote utazama kivulini. Unaotazama magharibi, nenda asubuhi kabla ya saa tatu. Na kama ratiba ya gari imekufikisha shambani mchana, achana na mandhari. Sogea karibu upige mikono ikipanda mabingobingo kwenye tuta, pima maji ikiwa juu ya kamba, udongo wenye unyevu chini ya matandazo. Kwa mtu aliyevaa kofia washa flashi hata kama jua linawaka, uso wake usiwe giza.

Korongo lina shida yake. Ukisimama ukingoni ukainamisha kamera, shimo la kumfunika mtu mzima linaonekana kama mtaro wa barabarani. Shuka ndani, au simama ng'ambo, na umweke mtu karibu na ukuta wa korongo akiwa ameshika fito iliyopakwa rangi kila baada ya sentimita 20. Matuta ya mlimani nayo yapigwe kutoka kilima cha mkabala. Ukiwa juu yake hutayaona.

Sasa tuje kwenye kitu tunachokisisitiza kuliko vyote: picha ya kurudia. Machakos, Kenya, kuna picha za mwaka 1937 zinazoonyesha vilima vilivyochakaa kwa mmomonyoko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi wakapiga tena kutoka sehemu zilezile. Safari hii kulikuwa na matuta, miti na mashamba yanayolimwa, ingawa watu walikuwa wameongezeka sana. Picha hizo zinajadiliwa hadi leo kwa sababu aliyepiga mwanzo alionyesha ardhi yenyewe, na mahali aliposimama paliweza kupatikana.

Mabadiliko ya ardhi ni ya polepole. Kule Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973, mifugo ikaondolewa mwaka 1979, na uoto ulirudi kidogo kidogo kadiri miaka ilivyopita. Atakayepiga picha ya pili ya shamba lako huenda asiwe wewe. Kwa hiyo mwachie maelekezo. Chimbia kigingi, kisha andika daftarini, kwa mfano: "Kigingi cha 3, kamera kimo cha kifua, inatazama kusini-magharibi, lenzi mm 28, mbuyu ukingo wa kushoto, jiwe kubwa katikati." Mbuyu na jiwe ndivyo vinavyookoa kazi kigingi kikishang'olewa na ng'ombe. Siku ya kurudi, weka picha ya zamani kwenye simu na ulinganishe mstari wa vilima na anga mpaka ukae sawasawa.

Rudi pia mwezi uleule. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Picha ya "kabla" ya Oktoba ikiwekwa kando ya "baada" ya Februari inathibitisha kwamba mvua imenyesha, basi. Tukiletewa jozi ya namna hiyo hatuitengenezi, hata kama mteja analipa, kwa sababu inawadanganya wanaotoa fedha na wanakijiji wenyewe. Picha ya kiangazi ina nguvu zaidi: Septemba kukiwa kukavu, na bado kuna majani nyuma ya makinga maji.

Kwa Kisiki Hai, yaani kukuza miti upya kutoka visiki vinavyochipua, fanya kinyume, usikae mbali. Piga goti, piga kisiki kikiwa na machipukizi yote, kisha piga tena baada ya kupogoa, yakiwa yamebaki machache yaliyofungwa kitambaa cha alama. Usihame hapo ulipopiga goti.

Kuhusu kamera yenyewe, hakikisha tarehe na saa ni sahihi kila unapobadilisha betri. Usibadilishe lenzi penye upepo, wala usiifute kwa shati, vumbi letu lina mchanga unaokwaruza kioo. Na tafadhali, msitutumie picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida: zinabanwa, na taarifa za tarehe na mahali zinapotea. Zitumeni kama dokumenti, au mlete kadi.

Watu wanaoonekana waombwe ridhaa kabla, na waelezwe picha itakwenda wapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama anayepigwa picha shambani kwake ana haki ya kuulizwa.

Tunatoa mafunzo ya siku moja shambani kwenu, kwa kamera mlizonazo, simu pia zinafaa. Tunatembea na afisa ugani wenu, tunachagua sehemu za vigingi, tunapiga picha za mwanzo na kuwaachia daftari na ramani. Wakati mzuri wa kuanza ni kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, kwa hiyo wasilianeni nasi mkiwa bado mnapima kontua.