Mkitaja bei ya vanila, tajeni na kazi yake

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita jirani yangu aling'oa marando yake yote ya vanila akayatupa nyuma ya banda la mbuzi. Miaka mitatu aliyatunza kibanjani kati ya migomba. Yalipanda vizuri juu ya mibono, yakatoa maua, maua yakaanguka. Hakupata hata tunda moja. Aliyemuuzia alimtajia bei ya kilo tu, hakumweleza kwamba hapa kwetu vanila haizai bila mkono wa mtu.

Naomba gazeti lenu, linapoandika bei ya vanila, liandike na hili.

Vanila ni okidi, yaani jamii fulani ya mimea ya maua. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Sisi tuliletewa mmea, wadudu wanaouchavusha hawakuja nao. Ndani ya ua kuna kiutando kinachotenga chavua na sehemu ya kike, na ua lenyewe hufunguka alfajiri, likifika adhuhuri limeanza kunyauka. Mimi hutumia mwiba wa mlimau: napasua mdomo wa ua, nainua kiutando, nabana kwa kidole gumba mpaka chavua inate. Vidole vikishazoea ni kazi ya sekunde chache. Lakini kichala hufungua ua moja au mawili kwa siku, kwa hiyo msimu mzima niko shambani kila asubuhi, na Jumapili nasali misa ya pili.

Mwaka wangu wa kwanza nilichavusha kila ua nililoliona. Matunda yalikuwa mengi, marando yakachoka, mengine yakafa. Sasa kila kichala nakiachia manane, yakizidi sana kumi.

Ufundi huu aliugundua Edmond Albius mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi. Alikuwa mtoto wa miaka 12, tena mtumwa. Marando yalikuwa kisiwani miaka ishirini hivi bila kuzaa la maana. Kisiwa kilitajirika kwa vidole vyake, naye akafa maskini mwaka 1880. Kila nikiinua ule utando namkumbuka, na wanangu nimewafundisha jina lake.

Ukishachavusha, unasubiri kama miezi tisa. Hapo ndipo wezi huanza kuzunguka, na wenye hofu huchuma machanga, ambayo hayana harufu hata uyakaushe vipi. Yaliyokomaa hutiwa maji ya moto, hufunikwa mablanketi, huanikwa kwa wiki kadhaa. Kilo tano au sita mbichi hutoa moja kavu. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya hiyo moja.

Mtumeni mwandishi aje aone. Ila afike saa moja asubuhi. Akija saa saba mchana atakuta maua yamelala.

Mama mkulima wa vanila,
Muleba, Kagera