Mizani ya dhahabu nayo ipigwe muhuri

Mhariri,

Nina bucha Kawangware. Kila mwaka mizani yangu hukaguliwa na kupigwa muhuri, nami nalipa ada. Bila muhuri nashtakiwa, na sina ubishi na hilo. Ninachouliza ni kwa nini kilo ya matumbo ilindwe kuliko gramu ya dhahabu.

Kwetu ni Ikolomani, Kakamega. Machi, mvua zilipoanza, nilikwenda kumjulia mama hali nikamkuta mpwa wangu kijitoni na karai. Mvua za kwanza ndizo wanazozingojea, maana mchanga wanaoulundika kiangazi hupata maji ya kuoshea. Alizungusha karai taratibu hadi ukabaki mchanga mweusi, na pembeni ukingo wa manjano, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Akatia zebaki, akakamua kwa kitambaa, akakichoma kidonge juu ya kifuniko cha bati. (Moshi ule ni sumu. Nilimgombeza, akacheka.)

Mnunuzi akaja na mizani ya mkono, visahani viwili. Upande wa mawe aliweka njiti za kiberiti. "Pointi nane," akasema. Pointi kumi ndiyo gramu. Nikamwambia mpwa wangu aniuzie mimi kwa bei hiyohiyo, nikaifunga kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, nikaja nayo Nairobi. Sonara mmoja wa mjini akaiweka kwenye mizani ya umeme: gramu moja na pointi mbili. Nikamwomba apime tena. Ikawa ileile.

Theluthi nzima ingepotelea kwenye njiti!

Kila masika shimo likiporomoka, magazeti huandika juu ya tamaa ya vijana. Ni kweli udongo ukilowa mbao za kuzuilia hulegea, na wao wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini aliyepunjwa theluthi asubuhi hurudi shimoni jioni kuitafuta.

Wala si mambo ya jana. Dhahabu ya Kakamega ilipovuta wazungu kuanzia 1931, sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa italipwa kwa ardhi nyingine. 1932 ikabadilishwa haraka, wenyeji wakapewa fedha badala yake. Babu yangu alifanya kazi chini ya ardhi Rosterman hadi mgodi ulipofungwa 1952, na hadi anakufa hakuwahi kushika mizani ya dhahabu mkononi mwake.

Sheria ya Madini ya 2016 inataka kila kaunti iwe na kamati ya wachimbaji wadogo. Basi kamati iweke mizani moja sokoni, iliyokaguliwa, na njiti zirudi kwenye kiberiti.

Ofisa aliyekagua mizani yangu Februari aliikuta imezidisha gramu 20, akanizuia kuuza hadi nilipoirekebisha. Nilikasirika sana siku ile. Huyo ndiye ninayemtaka Ikolomani.

Mwenye bucha,
Kawangware, Nairobi