Kichanga akiamka usiku sio mgonjwa, acheni kumpa dawa alale

Mhariri,

Naomba kanafasi gazetini kwako maana hili limenikaa kooni. Nina mtoto hajafika miezi miwili, na tangu mke wangu atoke wodini kila anayekuja kutupa hongera anauliza swali moja, eti mtoto analala? Ukisema anaamka amka basi tiba zinaanza, shangazi anasema chango hilo, jirani anasema maziwa hayamshibishi mkorogeeni uji mwepesi, na juzi kwenye duka moja la dawa dada wa kaunta kaniona napiga miayo akaniambia kaka chukua Piriton ya maji, mpe nusu kijiko nyumba nzima mtalala. Hajauliza mtoto ana umri gani wala kilo ngapi!

Jamani, hiyo ni dawa ya aleji, usingizi ni madhara yake tu, na kwa kichanga inaweza kudhoofisha hadi upumuaji. Marekani mamlaka yao ya dawa ilishasema tangu 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi za kununua dukani bila cheti wasipewe watoto chini ya miaka 2, sa sisi tunampa wa wiki kadhaa ili tuangalie mpira kwa raha.

Ukweli ni kwamba kichanga analala sana tu, masaa 14 mpaka 17 kwa siku, ila analala vipande vipande kwasababu tumbo lake dogo na maziwa ya mama yanasagika haraka, so anataka kunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana. Alafu usiku kwake haupo bado. Akiwa tumboni melatonini, ile homoni ya usingizi, alikuwa anaipata kwa mama kupitia kondo, akizaliwa inakatika na ya kwake inaanza kwenda kwa mpangilio kwenye miezi miwili mitatu hivi. Maziwa ya usiku yanayo, ya mchana karibu hayana, kwahiyo lile nyonyo la saa nane usiku mnalolilalamikia nalo linamsaidia.

Na sio kila kelele ni kuamka. Karibu nusu ya usingizi wake ni ule wa kuhangaika, wa kwetu anakunja uso, anarusha mkono, macho yanacheza ndani ya kope, anaguna kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda, na bado kalala fofofo. Ukimnyanyua hapo wewe ndo umemwamsha. Subiri kidogo, mara nyingi anatulia mwenyewe.

Sisi asubuhi tunafungua mapazia anakaa sebuleni na kelele zote za mtaa, usiku taa hafifu, hakuna stori, simu mbali, ananyonya, namcheulisha mimi (wababa hii kazi haihitaji ziwa), tunamrudisha. Analazwa chali, godoro gumu, ndani ya neti, hakuna mito wala mablanketi mazito, na hayo masweta na kofia kwenye joto hili la Dar sijui huwa ni ya nini. Uji mpaka miezi 6, kliniki wanasema hivyo na WHO wanasema hivyo, na hata ukimpa leo hatolala zaidi.

Cha kukimbilia hospitali ni mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, au amelegea analala tu hata ukimwamsha anyonye haamki. Huyo ndo wa kuogopa, na ajabu ndo anayesifiwa mtulivu!

Mhariri una ukurasa wa afya, tuwekeeni mambo haya yasomwe na mabibi na mashangazi pia, maana kliniki wanaongea na mama peke yake wakati maamuzi nyumbani yanafanywa na ukoo mzima. Na wakaguzi wa maduka ya dawa wapite huku mitaani.

Baba wa kichanga,
Tabata, Dar es Salaam