Kanisa la Burntisland tuonyesheni kwa ndani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu makanisa ya kale ya Uskoti niliifurahia hadi nilipofika Burntisland. Picha zote za mnara, na maneno mawili matatu kwamba jengo ni zee na linapendeza. Mnara ule wa mawe ni wa karne ya 18. La maana liko chini yake, nanyi hamkuligusa.

Burntisland ni mji wa bandari huko Fife, ng'ambo ya maji ukitoka Edinburgh. Wenyeji walianza kujenga kanisa hilo mwaka 1592, miaka 32 baada ya Bunge la Uskoti kukataa mamlaka ya Papa. Parokia nyingi zilikuwa zimerithi majengo marefu yenye madhabahu upande wa mashariki, zikawa zinahangaika mimbari iwekwe wapi. Hawa walianza upya, wakajenga mraba. Katikati zinasimama nguzo nne nene zilizoshikana kwa matao, zikibeba mnara, na waumini walikaa pande zote, chini na roshani. Watu walikuwa wameacha kuja kutazama misa; sasa walikuja kusikia neno, na aliyechora jengo alilielewa hilo.

Kuchora ramani za majengo ndiyo kazi iliyonilisha, kwa hiyo siwezi kusifu tu. Nguzo zile zinaziba. Ukikaa nyuma yake utamsikia mchungaji usimwone. Hata hivyo, hakuna aliye mbali.

Roshani ndizo ningezitazama kutwa nzima. Watu walikaa kwa vyama vya kazi zao: mabaharia, waoka mikate, washonaji, wahunzi. Mabaharia walichorewa merikebu kwenye mbao za roshani yao, na wakapata ngazi yao ya nje, ili maji yakijaa katikati ya mahubiri wateremke wakang'oe nanga bila kumsumbua mtu. (Mahubiri ya Waskoti wa enzi hizo hayakuwa mafupi.) Wakubwa nao hawakujisahau: kiti cha Sir Robert Melville, bwana wa kasri la mji huo, cha mwaka 1606, kina paa lake la mbao na kimeegemea nguzo, hapo hapo katikati.

Habari za Mei 1601, Mkutano Mkuu wa Kanisa ulipokaa hapo mbele ya Mfalme James wa Sita na kuzungumzia tafsiri mpya ya Biblia, husimuliwa kila mara. Ni sifa kubwa kwa mji mdogo, ila haikufundishi kujenga.

Na sisi tunajenga kila mwaka. Sisi wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, tumetokana na misheni ya Waskoti, lakini nenda kwenye makanisa yetu mapya: ukumbi mrefu kama behewa, jukwaa mwisho kabisa, kisha harambee ya spika na skrini ili walio nyuma nao waone na kusikia. Paa za chuma leo zinavuka upana ambao fundi wa 1592 asingeuthubutu bila nguzo. Mraba ungetugharimu kidogo kuliko ulivyowagharimu wao, tena bila ile kero ya kuzibwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Toleo lijalo, chapisheni ramani ya sakafu ya kanisa hilo, yenye vipimo, ukurasa mzima. Kamati za ujenzi zitaikata na kuibeba kwenda nayo kwa mchoraji.

Mchoraji ramani mstaafu,
Thika